Aliyeupa Mgongo Uwanja

Pak Ngadiran alikwenda uwanjani miaka kumi na tisa na hakuona goli hata moja. Sisemi kwa mafumbo. Timu yetu, Persiwung, ilifunga na kufungwa nyuma ya mgongo wake, yeye akiwa juu ya kichanja cha mabomba, kipaza sauti mkononi, uso kwetu sisi watu wa jukwaa la mashariki. Kazi yake ilikuwa kutuimbisha. Mwimbishaji akigeuka kutazama mpira, jukwaa linavurugika, kila mtu anaimba lake. Kwa hiyo hakugeuka. Mkewe, Bu Sulasmi, alikuwa akimtania, "Wewe unakata tiketi kwenda kuangalia watu wanaoangalia mpira." Naye anamjibu, "Kwa mpira wenyewe huu tunaocheza, mimi ndiye niliyekaa upande mzuri."

Mimi ni Wartini, mpiga ngoma kubwa. Nimesimama chini ya kichanja chake, hatua nne tu mbele yake, tangu siku ya kwanza alipopanda. Nauza wali na mboga za mchuzi wa karanga karibu na stendi ya mabasi ya Wungurejo, na ulimi wangu mjini wanaujua. Nasema hivi mapema ili mtu asije akadhani nilinyamaza kwa sababu sikuwa na maneno.

Tuanze na mtu mwenyewe. Ngadiran ni mfupi, mapaja manene, kwa sababu kazi yake ni kutengeneza tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, na yeye bado huzikanyaga soya kwa miguu ili maganda yatoke. Wenzake wote walishanunua mashine. Yeye anasema mashine inazivunja. Anazichemsha, anazikanyaga, anazichemsha tena, anazitia chachu, anazifunga kwenye majani ya mgomba, na baada ya siku mbili Bu Sulasmi anakwenda kuziuza sokoni. Wiki ya mechi haonji kitu cha kukaanga, eti mafuta yanaharibu koo. Mtengeneza tempe asiyekula tempe ya kukaanga! Anakunywa maji ya tangawizi tu, na akiwa na tangawizi mdomoni haongei na mtu. Ukimsalimia anakuonyesha kidole gumba.

Pale juu kichanjani alikuwa anausoma mchezo kwenye nyuso zetu. Alitufundisha sisi wenyewe tunavyofanya. "Mshambuliaji wetu akikosa, mnashika kichwa kwa mikono miwili. Kipa wetu akidaka, mnapumua kwa mdomo. Mwamuzi akituonea, wanawake ndio wanaanza kusimama, wanaume wanafuata." Kwa hiyo alijua ni saa ngapi apandishe wimbo na saa ngapi autulize, na mara chache sana alikosea. Siku moja mwandishi wa gazeti alimwuliza goli la pili lilikuwaje. Akamwambia, "Lilitoka kulia, likagonga mtu, kipa wao akaanguka upande usio wake." Mwandishi akaandika. Lilikuwa hivyo hivyo.

Sasa kuna wimbo mmoja kwetu hauimbwi ovyo. Tunauita wa kukaa. Matokeo yakishakuwa salama kabisa, watu elfu kumi na moja tunaketi chini na kuimba polepole, bila kupiga makofi, na mimi ngoma naigonga kwa kiganja badala ya fimbo. Wachezaji wanaujua. Wakiusikia wanaelewa kazi imekwisha, watunze miguu, wasiumie. Kocha yeyote mpya huambiwa habari hiyo wiki ya kwanza. Na anayeamua kuuanzisha ni mwimbishaji peke yake. Haulizi mtu.

Basi, ikafika siku ya mwisho ya msimu ule wa Ligi Kuu. Timu mbili za mkiani zilikwishashuka daraja, ikabaki nafasi moja ya kushuka, na waliokuwa wanaikwepa ni sisi na Bayanan. Wao walikuwa na pointi thelathini na nne, sisi thelathini na tatu. Tukishinda, tunapona ilimradi Bayanan nao wasishinde. Tukitoka sare, tunapona endapo tu Bayanan watafungwa kwao, maana tulikuwa tumewapiga mara zote mbili tulipokutana, na pointi zikilingana hilo ndilo linaloangaliwa. Mechi zote mbili zilianza saa tisa alasiri ili mtu asicheze akijua ya mwenzake. Lakini simu zipo, nani wa kuzizuia?

Mdogo wangu Kasirin anauza viatu Bayanan. Nilimwambia aende uwanjani kwao, anitumie ujumbe kila kitakachotokea. Nikaiweka simu juu ya ngozi ya ngoma, kwenye ukingo. Mtandao pale uwanjani, watu wakijaa, unakwenda kwa kujikokota. Hilo kila mtu wa Wungurejo analijua. Mimi pia nalijua.

Dakika ya sabini na nane, sisi ni moja kwa moja. Tunashambulia kwelikweli, kona juu ya kona. Ngadiran shingo imemtoka mishipa, jasho linachuruzika mpaka kwenye viwiko. Simu ikawaka. Kasirin kaandika: "Bayanan wamefungwa! Moja bila!"

Niliruka. Yaani sikufikiri chochote, niliruka juu na mikono miwili hewani, nikapiga yowe. Wa kulia kwangu akaisoma simu, akaruka. Wa kushoto naye. Nyuma yetu wakaruka bila kusoma kitu, na wa nyuma yao, na kabla hujavuta pumzi nne jukwaa zima lilikuwa limesimama linakumbatiana. Ukimwuliza mtu yeyote wa siku ile ilianzia wapi, hajui, ukiacha wale wawili, nao walifunga mdomo kama mimi. Wengine wote walikuwa wanatazama mpira, wakasikia mayowe, wakageuka, wakakuta furaha imekwisha fika.

Ngadiran alitazama. Alishusha kipaza sauti mpaka kifuani, akakaa nacho hivyo kitambo. Kisha akanyoosha mkono na kuushusha, kiganja chini. Kaeni. Akaanza wimbo wa kukaa.

Tuliuimba vizuri sana. Nilikuwa nalia huku nagonga ngozi kwa kiganja. Uwanjani vijana wetu walisikia, nikawaona mabega yakilegea. Beki akamrudishia kipa. Kipa akaubusu mpira, akampa beki mwingine. Kocha alimtoa mshambuliaji wetu bora akaingiza mlinzi, na aliyetolewa akaenda benchi akipunga mkono kwa watu. Dakika kumi nzima hatukuvuka nusu ya uwanja.

Dakika ya themanini na nane simu ikawaka tena. Ujumbe ulikuwa umeandikwa kitambo, ukakwama njiani: "Limekataliwa! Kuotea! Bado bila kwa bila."

Sina haja ya kuwasimulia zilizobaki. Habari ilienea kwa njia nyingine, kwa simu za wengine, watu wakasimama wakaanza kupiga kelele, "Shambulieni! Shambulieni!" na wachezaji wakatutazama wasielewe, maana ndiyo kwanza tulikuwa tumewaambia wapumzike. Dakika ya mwisho ya nyongeza beki wetu alipiga kichwa, mpira ukagonga mtambaa wa panya na kutoka. Filimbi. Bayanan sare, pointi thelathini na tano. Sisi thelathini na nne. Baada ya miaka ishirini na sita Persiwung ikashuka daraja kwa pointi moja.

Kesho yake mji mzima ulikuwa umeshampata wa kumlaumu. Nani alianzisha wimbo wa kukaa? Ngadiran. Nani alikuwa na kipaza sauti? Ngadiran. Wakasema kanunuliwa na Bayanan. Wakasema ana shemeji Bayanan, wakati shemeji zake wote wako hapa hapa, na mmoja ni kinyozi, jirani wa kibanda changu pale stendi. Ukuta wa nyumba yake ukaandikwa MSALITI kwa rangi ya zambarau, rangi yetu wenyewe ya jezi. Sokoni, Bu Sulasmi akawa anakaa na tempe mpaka majani yananyauka. Wanawake wanapita wanamwuliza kwa sauti, "Bu, hii ya leo imepanda au imeshuka?" Wengine wanachukua moja, wanaigeuzageuza, wanairudisha, "Loo, hii imekaa sana," kisha wanacheka. Yeye anawaambia, "Haya, karibuni kesho." Mwanamke yule ana moyo jamani. Mimi ningemrushia mtu kapu.

Na mimi je? Mimi nilikuwa nawauzia wali watu walewale waliokuwa wanamtukana, nawasikiliza, nawaongezea mchuzi. Niliogopa. Basi, sina neno jingine. Niliwaza ukuta wangu, kibanda changu, mwanangu anayeanza kazi kwenye duka la mwanachama wa klabu. Nikajiambia, wakipoa nitasema.

Wiki ya tatu chama cha mashabiki kikaitisha kikao kwenye ukumbi wa mtaa. Mwenyekiti wetu ni Pak Haji Muslikh, mtu mpole, mwenye duka la vitambaa. Ngadiran alikuja na shati la batiki lililopigwa pasi, akakaa mbele, mikono juu ya magoti.

"Pak Ngadiran," Haji akasema, "hapa hatuko mahakamani. Tunataka kujua tu. Nani alikuambia Bayanan wamefungwa?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Sasa ulijuaje?"

"Niliona watu wamefurahi. Sisi goli hatujafunga, maana hawakuwa wanatazama uwanjani, walikuwa wanatazamana. Nikajua ni habari ya Bayanan."

"Alianza nani?" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. "Wewe si ulikuwa unatutazama? Wewe tu ndiye uliyeweza kuona! Taja jina!"

Ngadiran hakugeuza kichwa. "Watu walisimama pamoja," akasema. "Sikuona aliyeanza."

Nilijua anadanganya. Mtu anayejua kipa kaangukia wapi kwa kutazama midomo yetu, asione mwanamke mnene mwenye ngoma anaruka hatua nne mbele yake? Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Asipande tena kichanjani. Nami nilinyoosha wangu. Ndiyo, niliunyoosha, kwa sababu waliokuwa kulia na kushoto kwangu walikuwa wamenyoosha.

Nililala na hilo miezi miwili. Sikuthubutu kwenda kwake. Nikipita ile njia nilikuwa nazunguka kwa nyuma ya msikiti. Siku nikikutana na Bu Sulasmi ananiita kama mdogo wake, "Dik Wartini, mbona umetupotea?" na mimi najifanya nina haraka. Nikawa nakosea vipimo vya mchuzi, nikawa mkali kwa wateja bila sababu. Mwanangu akaniuliza, "Mama, una nini?" Nikamwambia ana maswali mengi.

Kabla ya kila msimu sisi hufanya dua na mlo wa pamoja pale pale uwanjani, kwenye nyasi mbele ya jukwaa la mashariki. Wali wa manjano unarundikwa kama mlima, kuku, mayai, mboga zinauzunguka, na mzee wa msikiti anaomba. Safari ile tulikuwa tunaomba kwa ajili ya daraja la pili, na watu walikaa kwa unyonge. Mwimbishaji mpya alikuwa amechaguliwa, kijana anaitwa Gilang, fundi wa pikipiki, sauti anayo. Kwa desturi yetu wa zamani ndiye anayemkabidhi mpya kipaza sauti kwa mkono wake, la sivyo sauti haikai. Kwa hiyo Ngadiran ilibidi aje. Alikuja na tempe zake kwenye kapu kwa ajili ya mlo, akaziweka pamoja na vyakula vingine. Hakuna aliyezigusa.

Alipoinuka kwenda kumkabidhi Gilang, mtu mmoja akaguna, wengine wakafuata, mguno mbaya wa chini chini. Mwingine akasema, "Mpe upesi uende ukakae." Wakacheka.

Hapo ndipo nilipochoka. Nilisimama, nikapiga ngoma niliyokuja nayo mara moja kwa nguvu zangu zote. Wakanigeukia.

"Ni mimi," nikasema. "Siku ile niliyeanza kuruka ni mimi. Mdogo wangu alinitumia ujumbe kwamba Bayanan wamefungwa. Niliruka kabla sijahakikisha, mkaruka nyie wote kwa kunifuata mimi. Pak Ngadiran hana kosa. Kama kuna ukuta wa kuandika, wangu uko nyuma ya stendi, mlango wa bluu, mnaujua."

Nilingoja matusi. Niliyataka, Mungu anajua. Badala yake mama mmoja karibu yangu akanivuta sketi. "Mbak, dada yangu, kaa bwana. Moyo wako mzuri."

"Moyo gani? Nawaambia ni mimi!"

"Anamwonea huruma," mwingine akasema. "Wamefanya kazi pamoja miaka mingi, lazima."

"Miezi miwili ulikuwa wapi?" akadakia kijana mmoja. "Ndiyo unakumbuka leo, kwenye wali?"

Watu wakacheka, tena kicheko cha kunipenda, na hicho ndicho kilichonitia hasira zaidi. Nikatafuta simu nimwonyeshe mtu ule ujumbe. Nikakumbuka nilikuwa nimeufuta usiku uleule wa mechi, kwa woga.

Pak Haji Muslikh akainua mkono. "Jamani, hili ni jepesi. Mtu aliyekuwa anatutazama yuko hapa." Akamgeukia. "Pak Ngadiran, useme mbele ya chakula hiki na dua hii. Ni kweli anayosema Mbak Wartini?"

Ngadiran alikuwa bado ameshika kipaza sauti. Akanitazama. Nami nikamtazama, nikamwambia kwa macho, sema, sema tafadhali, niache niubebe mzigo wangu.

"Si kweli," akasema. "Mbak Wartini alikuwa anapiga ngoma. Kaa chini, Mbak, chakula kinapoa."

Akampa Gilang kipaza sauti kwa mikono miwili, akainama kidogo, akachukua kapu lake tupu na kuondoka. Watu wakaanza kugawana wali.

Nilimkimbilia. Nilimkuta langoni anavaa kofia ya pikipiki, nikaishika ile kofia. "Mas, kaka yangu! Kwa nini umenifanyia hivi? Mimi nimesema kweli mbele za watu, wewe unanigeuza mwongo!"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Uliniona au hukuniona?"

"Nilikuona."

"Sasa?"

"Sasa nini, Mbak? Kijana yule Gilang hajui hata kuvuta pumzi. Usipompigia ngoma wewe, mwezi mmoja tu jukwaa limekufa. Wakikufukuza na wewe, anabaki nani?" Alisema polepole, kama mtu anayeeleza bei ya soya. "Mimi tempe zitanunuliwa. Watu wanapenda tempe kuliko wanavyonichukia mimi."

"Lakini kosa ni langu!"

"Wewe uliruka. Mimi ndiye niliyeanzisha wimbo."

"Ulianzisha kwa sababu uliona jukwaa zima limesimama. Mtu yeyote angeanzisha."

Akatikisa kichwa. Aliichukua kofia mikononi mwangu, akaishika bila kuivaa, na kwa mara ya kwanza tangu mambo yale yaanze nikamwona anakaribia kulia.

"Jukwaa zima si kitu," akasema. "Jukwaa zima limeshanidanganya mara nyingi. Miaka yote hiyo, habari za simu zinakuja, watu wanaruka, mimi sianzishi. Nakutazama wewe kwanza. Wewe hujawahi kuruka bure hata siku moja. Siku ile nilishusha kipaza sauti, nikakuangalia vizuri, nikaona unalia kwa furaha. Angekuwa mtu mwingine, Mbak, ningengoja."

Nikasogea kando nimpishe njia. Akavaa kofia, akawasha pikipiki, akaenda zake nyumbani kuloweka soya za kesho.

Jumamosi iliyofuata tulicheza mechi ya kwanza ya daraja la pili. Gilang alipanda kichanjani, akatugeukia, akawa hajui amtazame nani. Nilimwona macho yakizunguka jukwaa zima mpaka yakatua kwangu. Nikamwambia kwa mkono aangalie pengine. Hakuelewa. Akaendelea kunitazama mimi tu, dakika zote tisini.